Korona ikikaa mwilini kwa miezi: namna kirusi kinavyobadilika ndani ya mtu mmoja

Mnamo Juni 2021 kaunti 13 za ukanda wa ziwa na Magharibi ziliwekewa masharti yake peke yake. Kwingineko Kenya kafyu ilianza saa nne usiku. Sisi wa Kisumu, na majirani zetu wa Siaya, Busia, Vihiga, Kakamega, Homa Bay na wengineo, tulitakiwa kuwa ndani saa moja jioni, saa ambayo wauza omena wa kando ya barabara ndio kwanza wanapata wateja. Sababu ilikuwa Delta, aina mpya ya korona. Wiki chache kabla ya hapo ilikuwa imethibitishwa Kisumu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda waliotoka India, na baada ya muda mfupi wodi zikajaa na mtungi wa oksijeni ukawa kitu cha kugombaniwa.

Mazungumzo ya mtaani yaliishia kwenye ndege iliyowaleta wafanyakazi hao. Nani aliiruhusu itue, nani alikuwa ndani, kwa nini hawakupimwa. Ni maswali halali, lakini ndege husafirisha tu. Kirusi kiliposhuka uwanja wa ndege kilikuwa tayari kimekwisha kubadilika. Kilibadilikia wapi, na katika mwili wa nani?

Shemeji yangu wa Ahero ana jibu lake: kirusi "kinajifunza". Kimeona barakoa, kimeona chanjo, kikatafuta njia. Nimemwambia mara nyingi kwamba kirusi hakioni wala hakijifunzi, na kila mara ananiuliza, "Basi kinajuaje pa kubadilika?" Swali lake ni zuri kuliko jibu lake. Ukweli ni kwamba hakijui. Hubadilika ovyo, kila mahali, na kinachotushangaza sisi ni yale mabadiliko machache yaliyonusurika. Kwa hiyo cha kuchunguza ni mazingira yanayoyanusuru, na mojawapo ya mazingira hayo ni mwili wa mtu ambaye ameugua korona na haikumtoka.

Makosa ya kunakili

Jenomu ya korona, yaani maagizo yote ya kukitengeneza kirusi kipya, ni uzi wa RNA wenye herufi karibu 30,000. Kwa virusi vya RNA huo ni urefu wa kupindukia. HIV ina karibu 10,000. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, uzi huo hunakiliwa tena na tena, na kila unaponakiliwa kuna uwezekano wa herufi kukosewa.

Virusi vingi vya RNA havina namna ya kurekebisha makosa hayo. Korona inayo. Ina kimeng'enya kiitwacho nsp14 kinachofuata nyuma ya mtambo wa kunakili, na kikikuta herufi isiyolingana na ile ya asili, huikata ili iwekwe nyingine. Bila kimeng'enya hicho jenomu ndefu namna hiyo ingeharibika kwa makosa yake yenyewe. Ndiyo maana korona hubadilika taratibu kuliko HIV. Katika mwaka wa kwanza wa janga, nasaba moja ya kirusi ilipofuatiliwa kutoka mtu hadi mtu, ilikuwa ikiongeza wastani wa mabadiliko mawili hivi kwa mwezi.

Lakini kimeng'enya hicho kina upofu. Herufi iliyowekwa vibaya hukipa kitu cha kukata. Kipande kikirukwa kabisa wakati wa kunakili, hakuna herufi mbovu ya kukata, na pengo hubaki. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walionyesha kwamba mapengo ya aina hiyo hujirudia katika sehemu zilezile chache za mwiba, ile protini inayokitokeza kirusi nje na kukishikiza kwenye seli zetu. Sehemu hizo ndizo ambazo baadhi ya kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kirusi, hushika. Kikipotea kipande pale, kingamwili hukosa mahali pa kushika.

Mabadiliko mawili kwa mwezi. Likumbuke hilo, kwa sababu mnamo Desemba 2020 Uingereza ilitangaza aina iliyokuja kuitwa Alpha, ambayo sampuli zake za kwanza zilikuwa za Septemba mwaka huo, na ilikuwa na mabadiliko 17 yaliyotokea kama kishindo, 8 kati yake kwenye mwiba. Hapakupatikana ngazi za katikati. Hakukuwa na aina yenye mabadiliko 5, kisha 9, kisha 13. Ni kana kwamba kirusi kilijificha mahali, kikajibadilisha chote, kisha kikatoka.

Kwa nini ugonjwa wa kawaida hauachi alama

Mtu mwenye kinga nzuri akiambukizwa, kirusi huzaana kwa kasi siku za mwanzo, na mara nyingi humwambukiza mtu mwingine karibu na siku dalili zinapoanza. Kingamwili madhubuti huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Maana yake ni kwamba kirusi kinachoruka kwenda kwa jirani kimeondoka kabla ya vita kuanza. Hakijakutana na kingamwili, kwa hiyo hakuna kilichochuja virusi vinavyozikwepa.

Halafu kuna upenyo mwembamba wa kuambukiza. Ndani ya mgonjwa mna virusi mabilioni, na miongoni mwake mna tofauti ndogondogo, lakini vinavyofanikiwa kuanzisha ugonjwa kwa mtu wa pili ni vichache mno, pengine kimoja au viwili tu. Mkulima wa Trans Nzoia mwenye magunia ya mahindi mchanganyiko, akimpa jirani punje mbili za mbegu, shamba la jirani halitaonyesha mchanganyiko ule. Litaonyesha punje mbili. Badiliko zuri kwa kirusi linaweza kutokea Jumatatu kwa mgonjwa mmoja na likafa naye Ijumaa kwa sababu tu halikubahatika kuwa miongoni mwa punje hizo.

Sasa ondoa masharti hayo yote mawili. Mpe kirusi mwili ambamo hakilazimiki kuhama kila wiki, ambamo idadi yake inabaki kubwa kwa miezi, na ambamo kuna kinga kidogo: ya kukisumbua, lakini isiyotosha kukimaliza. Hapo kila badiliko linalosaidia hata kwa kiasi kidogo lina muda wa kuongezeka, kupokewa na jingine, na kujaribiwa dhidi ya kingamwili zilezile siku baada ya siku.

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la CCC, kliniki ya wanaoishi na HIV, ameambiwa na mshauri wake kwamba kukatiza dawa za ARV ni kubaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu dawa nusu hukipa kirusi nafasi ya kuzaa usugu. Wa TB wameambiwa vivyo hivyo. Kinga nusu hufanya kazi hiyohiyo kwa korona.

Siku 101 za mgonjwa mmoja

Mfano ulioelezwa kwa makini kuliko mingi ni wa mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyetibiwa Cambridge, Uingereza, mwaka 2020. Alikuwa na limfoma, saratani ya chembe za kinga, na matibabu yake yalikuwa yameziangamiza zile chembe B zinazotengeneza kingamwili. Timu ya Profesa Ravindra Gupta ilisoma jenomu za kirusi chake mara 23 katika siku 101.

Kwa karibu miezi miwili ya kwanza hakukutokea mengi. Alipewa remdesivir, dawa ya kuzuia virusi, mara mbili, na virusi vyake vilibaki karibu vilevile. Kisha, kwa kuwa mwili wake haukuweza kutengeneza kingamwili, madaktari walimpa za kuazima: plazima, yaani maji ya damu, ya watu waliopona korona. Ndipo mambo yakageuka. Katika muda mfupi virusi vya aina moja vikatawala, vyenye mabadiliko mawili kwenye mwiba. La kwanza, D796H, lilikipunguzia kirusi uwezo wa kunaswa na kingamwili zile, lakini lilikuwa na gharama, kwani kirusi chenye badiliko hilo peke yake huingia kwenye seli kwa udhaifu. La pili lilikuwa pengo la vipande viwili, namba 69 na 70. Maabara ilionyesha kwamba pengo hilo halikikingi kirusi dhidi ya plazima. Kazi yake ilikuwa kurudisha nguvu iliyopotea, kwa kukiongezea uwezo wa kuingia kwenye seli. Badiliko moja lilileta ukwepaji, jingine likalipa deni lake.

Kisha plazima ikafifia mwilini, kama inavyofifia. Na virusi vile vya mabadiliko mawili vikapungua! Vingine, visivyobeba mabadiliko hayo, vikachukua nafasi. Mgonjwa alipopewa plazima tena katika siku zake za mwisho, vile vya kwanza vikarudi juu. Alifariki.

Mimi huona simulizi hii inafundisha kuliko jedwali lolote. Virusi vya kukwepa kingamwili havikuwa bora siku zote. Vilikuwa bora pale tu kingamwili zilipokuwepo, na zilipoondoka vikashindwa na ndugu zao. Pia virusi vya zamani havikuwa vimetoweka. Vilikuwa humo mwilini pembeni, vikisubiri hali ibadilike. Na lile pengo la 69 na 70? Ni mojawapo ya alama za Alpha.

Boston nako kulikuwa na mgonjwa wa miaka 45, mwenye ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake mwenyewe, aliyekuwa akitumia dawa nzito za kuituliza kinga hiyo. Aliishi na korona siku 154 kabla ya kufariki. Jeni ya mwiba ni asilimia 13 tu ya jenomu nzima, lakini ilibeba asilimia 57 ya mabadiliko ya protini yaliyoonekana kwake. Kama yangekuwa yanatokea na kubaki kwa bahati tu, yangetawanyika. Yalirundikana pale ambapo kingamwili hushika.

Na kule Amsterdam, madaktari walieleza mwaka 2024 habari za mzee wa miaka 72, mwenye maradhi ya damu, aliyekaa na Omicron siku 613. Kirusi chake kilikuwa na mabadiliko zaidi ya 50. Hakuna ushahidi kwamba alimwambukiza mtu yeyote kirusi hicho.

Kupimwa na kukutwa nayo siyo lazima iwe hai

Hapa ndipo watu wengi, hata wahudumu wa afya, huchanganya mambo matatu.

Kipimo cha PCR kinatafuta vipande vya RNA. Mtu aliyepona anaweza kukutwa navyo wiki kadhaa baadaye, kama mabaki yasiyoweza kumwambukiza mtu. Mwaka 2020 Korea Kusini ilishtuka kuona mamia ya waliopona wakipimwa na kukutwa nayo tena. Walipojaribu kuotesha kirusi kutoka kwa 108 kati yao, hakuna hata kimoja kilichoota.

Pili, kuna kuambukizwa upya. Agosti 2020 watafiti wa Hong Kong walieleza habari za mwanamume wa miaka 33 aliyekutwa na korona mara mbili katika siku 142. Jenomu mbili zilikuwa za matawi tofauti, kwa hiyo ile ya pili ilikuwa ngeni. Ingekuwa maambukizi yaleyale yanaendelea, jenomu ya pili ingekuwa mtoto wa ile ya kwanza: alama zote za mzazi, na mpya zimeongezwa juu yake. Hivyo ndivyo maabara inavyotofautisha, na ndiyo sababu sampuli ya kwanza haifai kutupwa.

La tatu ni ile korona ya muda mrefu ya uchovu, kusahau na kukosa pumzi. Wengi wenye hali hiyo hawana kirusi kinachozaana, ingawa kuna uhusiano: uchunguzi mkubwa wa Uingereza, uliofuatilia watu wa kawaida majumbani mwao, ulikuta wale ambao kirusi kiliwaganda mwezi mmoja au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulalamikia dalili za muda mrefu. Uchunguzi huohuo, uliochapishwa mwaka 2024, ulikadiria kwamba kati ya maambukizi 1,000, baina ya 1 na 5 yanaweza kudumu siku 60 na zaidi. Hawa hawakuwa wagonjwa wa wodi za saratani. Walikuwa watu waliojibu hodi mlangoni na kukubali kuchokonolewa pua.

Wengine hatuwajui kabisa, ila maji taka yao tunayajua. Huko Wisconsin, Marekani, mwaka 2022 maji machafu yalionyesha korona ya ajabu, ya tawi la kale lililokwisha toweka duniani, yenye mabadiliko mengi ya mwiba. Watafiti wakaifuata shimo kwa shimo kwenye mabomba ya mji hadi kwenye vyoo vya jengo la kampuni moja yenye wafanyakazi 30 hivi. Inaelekea ni mtu mmoja, ambaye kirusi kilikuwa kimeganda tumboni, na ambaye huenda hakujua anaumwa.

Paka na kuku wa mayai

Kwa madaktari wa mifugo hakuna jipya hapa. Paka wengi hubeba korona yao ya utumboni, wakaharisha kidogo au wasiharishe kabisa, na wengine hukaa nayo kwa miezi. Katika wachache, kirusi hichohicho hubadilika humo humo ndani ya paka yule, kikapata uwezo wa kuishi ndani ya chembe za kinga zinazoitwa makrofaji. Tumbo hujaa maji, na bila dawa paka hufa. Cha kustaajabisha ni kwamba kile kirusi kikali kwa kawaida hakitoki kwenda kwa paka mwingine. Kilichobadilika ili kufaulu ndani ya makrofaji kimepoteza njia ya kutokea. Kisiwa cha Cyprus kilionyesha mwaka 2023 kwamba kanuni hiyo huweza kuvunjwa: kirusi cha paka kilichochukua kipande cha korona ya mbwa kilienea kati ya paka na kuua wengi.

Na wafugaji wa kuku wa mayai, Njoro hadi Luanda, wanaijua korona kabla ya neno hilo kuingia kwenye redio, ila wanaiita kwa jina la chanjo yake au kwa dalili zake. Kuku anakoroma, kisha mayai yanakuja na ganda lenye mikunjo, na ukilivunja kwenye sahani, ute mweupe unatiririka kama maji badala ya kukizunguka kiini. Hiyo ni bronkitisi ya kuku, iliyoelezwa kwanza Marekani mwaka 1931, na kirusi chake ni korona ya kwanza kujulikana na sayansi. Kifaranga aliyeambukizwa akapona anaweza kubaki na kirusi hicho utumboni, kisha akakitoa tena anapoanza kutaga, wakati mwili uko chini ya shinikizo.

Wengi huishia humo humo

Kwa hiyo kwa nini hatuzolewi na aina mpya kila wiki, ikiwa maelfu ya watu duniani wanakaa na korona kwa miezi?

Jibu kubwa ni lile la paka. Kinachochujwa ndani ya mwili mmoja ni uwezo wa kuishi humo: kukwepa kingamwili za mtu huyo, kuingia kwenye seli za mapafu au utumbo wake. Kuruka kutoka pua hadi pua ni kazi nyingine, na katika miezi yote hiyo hakuna kinachoipima. Kirusi kinaweza kuipoteza bila kuadhibiwa.

Mara chache kinatoka na kila kitu. Omicron ilipotangazwa Novemba 2021 na wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana, ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba peke yake, na jamaa zake wa karibu walikuwa virusi vya katikati ya 2020. Mwaka mzima na zaidi wa nasaba haukuonekana popote. Wako wanaosema ilipitia kwa mnyama, pengine panya, na wako wanaosema ilizunguka kati ya watu wasiopimwa. Mimi naona maelezo ya mgonjwa wa muda mrefu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu mabadiliko kadhaa ya Omicron na Alpha yameonekana yakizaliwa ndani ya wagonjwa wa aina hiyo mbele ya macho ya madaktari. Kwa panya hatuna ushuhuda wa namna hiyo.

BA.2.86, tawi la Omicron, ndiyo inayoeleza vizuri tofauti kati ya kubadilika kwa kishindo na kuenea. Ilionekana Israel na Denmark katikati ya 2023, ikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 ya mwiba ukilinganisha na mzazi wake. Dunia ikashtuka, halafu haikufanya makubwa. Ilienea kwa kusuasua hadi mtoto wake mmoja alipoongeza badiliko moja la mwiba, namba 455. Mtoto huyo, JN.1, mwanzoni mwa 2024 alikuwa ameishika dunia nzima. Kishindo kilileta malighafi. Kumalizia kulifanyika katika maambukizi ya kawaida, mtu hadi mtu.

Kuhusu Nyanza, bila kuzungushana

Mtu akisoma hadi hapa atakuwa na swali ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. KENPHIA, uchunguzi wa kitaifa wa HIV wa 2018, ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima Kenya wanaishi na HIV. Homa Bay ilikuwa 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3, Migori 13.0. Je, aina ijayo itatoka kwetu?

Kwanza angalia orodha yangu ya wagonjwa: Boston, Cambridge, Amsterdam. Wengi walioelezwa kwa undani ni watu wa nchi tajiri wenye saratani za damu, viungo vya kupandikizwa au dawa za kutuliza kinga. Maradhi yanayofungua mlango huu ni mengi.

Pili, kuna mgonjwa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambaye habari zake zilitolewa mwaka 2021. Mwanamke wa miaka 36 mwenye HIV iliyokuwa imesonga mbele, kwa sababu dawa alizokuwa akitumia zilikuwa hazikishiki kirusi. Alikaa na korona siku 216, na kirusi kikakusanya mabadiliko zaidi ya 30, yakiwemo mabadiliko ya mwiba yaliyofanana na ya aina iitwayo Beta. Sehemu ambayo magazeti mengi yaliipitia juujuu ni ya mwisho wake: alibadilishiwa dawa, akapewa mchanganyiko wenye dolutegravir, HIV ikafifishwa, na korona ikamtoka. Hakupewa dawa ya korona ya ajabu. Alirudishiwa kinga yake, nayo ikafanya kazi. Dolutegravir ndiyo ile D ya mwisho katika TLD, vidonge ambavyo wengi huku hupewa bure wanapokwenda kuchukua dawa.

Anayeishi na HIV ambaye kirusi chake kimefifishwa huondokana na korona kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mwenye wasiwasi asimtazame yule aliye kwenye foleni ya CCC saa moja asubuhi na kadi yake mkononi. KENPHIA ilikuta kwamba kati ya waliojua hali yao, asilimia 96 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao asilimia 90.6 walikuwa wamefifisha kirusi. Pengo kubwa lilikuwa mwanzoni kabisa: ni asilimia 79.5 tu waliojua. Mmoja kati ya watano alikuwa na HIV bila kujua, na mtu huyo akipata korona kinga yake ikiwa chini, kikohozi chake hakitaisha kwa wiki mbili.

Mtu kama huyo akifika zahanati ya Muhoroni au Nyakach baada ya wiki sita za kukohoa, kwa kawaida hupimwa TB, na hiyo ni sawa. HIV ipimwe siku hiyohiyo. Korona nayo isiachwe kwa sababu janga "liliisha", na akikutwa nayo, apimwe tena baada ya wiki kadhaa, na sampuli zote mbili zihifadhiwe kwenye baridi. Kenya inaweza kuzisoma. Wakati wa janga jenomu nyingi za korona za nchi hii zilisomwa Kilifi, kwenye maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, na KEMRI ina kituo chake hapa Kisian, barabara ya kwenda Busia.